Nunua vipande, si sanduku: mbinu kwa mkusanyaji wa LEGO wa Jinja na Mbale

Kabla hujatoa hata shilingi moja, pima meza yako. Chukua futikamba upime urefu na upana wa mahali hasa utakapoiweka seti, kisha upime na mlango wa chumba. Meli ya Titanic iliyotolewa na LEGO mwaka 2021 ina vipande 9,090, na ikikamilika ina urefu wa sentimita 135. Mnara wa Eiffel wa mwaka 2022 una vipande 10,001 na unasimama sentimita 149, kimo cha mtoto anayekaribia kubalehe. Katika vyumba vya kupanga vya Walukuba au Namakwekwe vitu hivi havina pa kukaa. Ninalijua sanduku moja lililokaa juu ya kabati la nguo miaka mitatu bila kufunguliwa, na mwenyewe si mvivu wala hana shida ya muda. Amekosa meza tu.

Wengi wanadhani matofali haya ni ya watoto, na hapa Uganda dhana hiyo ina sababu yake. Mwaka 2019 wakfu wa LEGO ulitoa dola milioni 100 kwa mradi wa kujifunza kwa kucheza uliowalenga watoto wakimbizi na wa jamii zinazowapokea nchini Ethiopia na Uganda, kwa hiyo jina lenyewe limeingia kwetu kupitia madarasa. Lakini tangu 2020 kampuni hiyo inachapisha alama ya 18+ kwenye masanduku meusi yaliyokusudiwa watu wazima, na habari nyingi za seti mpya unazozisoma leo zinahusu masanduku hayo. Makala haya ni ya mtu mzima wa Jinja au Mbale mwenye kipato cha kawaida, anayezisoma habari hizo kwenye simu usiku na kujiuliza aanzie wapi.

Ushauri wangu wote unasimama juu ya jambo moja: huku kwetu seti inunuliwe kwa ajili ya vipande vyake. Mkusanyaji wa London anaweza kununua masanduku mawili, moja alijenge na jingine alifungie kabatini, kwa sababu siku akitaka kuuza atapata mnunuzi mtaa wa pili. Wachumi wa Urusi waliochunguza bei za seti zilizokwisha kuondolewa sokoni walichapisha mwaka 2021 kwamba seti zilizobaki zimefungwa zilipanda thamani kwa wastani wa takriban asilimia 11 kwa mwaka. Takwimu hiyo imewapa watu wengi ndoto. Usiifuate. Wewe umelipa nauli ya mzigo na kodi kuileta seti Jinja, na ukitaka kuiuza utalipa nauli tena kuirudisha walipo wanunuzi. Juu ya hayo, unyevu wa ziwa unalipindisha sanduku la karatasi, na sanduku lililopinda huko linashushwa bei. Vipande vyenyewe havina tatizo hilo. Tofali lililotengenezwa baada ya hataza ya tarehe 28 Januari 1958 linashikana na tofali lililotoka kiwandani mwezi uliopita. Ukiwa na vipande, una mali itakayojenga kitu kingine kesho na kesho kutwa.

Sasa tuje kwenye habari. Seti mpya kwa kawaida huingia sokoni siku ya kwanza ya mwezi, hasa Januari, Machi, Juni na Agosti. Wiki chache kabla, picha na bei hutangazwa, na wahakiki waliopewa seti mapema huanza kuandika. Wengi wao wamepewa seti hizo bure na kampuni, na walio waaminifu husema hivyo mwanzoni. Hilo haliwafanyi waongo, ila linamaanisha hawajaumia mfukoni. Mtu ambaye hakulipa bei huisifu seti kwa uzuri wake. Wewe unataka kujua kama inastahili safari ya kutoka ng'ambo hadi Nalufenya. Kwa hiyo subiri. Soma tathmini ya siku ya kwanza kwa ajili ya picha, kisha soma tena baada ya miezi mitatu maneno ya watu walionunua kwa fedha zao.

Jambo la kwanza ambalo wahakiki hulitaja ni bei kwa kila kipande, nalo ndilo linalopotosha zaidi. Chukua Ramani ya Dunia ya mwaka 2021. Ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 249.99 ikiwa na vipande 11,695, yaani kila kipande ni kama senti mbili za dola. Titanic ilianza kwa dola 629.99, karibu senti saba kwa kipande. Kwa hesabu hiyo Ramani ni rahisi mara tatu. Lakini fungua mifuko yake uone: sehemu kubwa ni vidoti vya duara vyenye upana wa kinundu kimoja, visivyoweza kubeba ukuta wala kuezeka paa. (Ninaposema vinundu nina maana ya vile vichwa vidogo vya juu ya tofali vinavyoshika tofali lililo juu yake.) Tena ramani yenyewe ina upana wa vinundu 128 kwa dunia nzima, hivyo kila kinundu kinabeba karibu nyuzi tatu za longitudo. Uganda yetu inapata upana wa vidoti viwili. Ni pambo zuri la ukutani kwa anayetaka pambo. Kwa mkusanyaji anayetaka kujenga, hukumu yangu ni kwamba aiache.

Ilinganishe na Piramidi Kuu ya Giza, seti ya mfululizo wa LEGO uitwao Architecture, ya mwaka 2022 yenye vipande 1,476, iliyoanza kwa dola 129.99. Karibu senti tisa kwa kipande, ghali kwa mizani ya wahakiki. Mimi naihesabu miongoni mwa seti zinazomfaa zaidi mtu wa Jinja. Kwanza inakaa kwenye meza ya kawaida. Pili, imejaa mabamba na matofali ya rangi ya mchanga, rangi inayokubaliana na kuta za zamani za mji wetu. Tatu, ukingoni mwake wameuweka Mto Nile, maji yaleyale yanayoanza safari hapa kwetu. Kasoro yake ni kwamba unajenga nusu ya piramidi tu. Anayetaka piramidi nzima hana budi kununua seti ya pili aziunganishe. Usinunue ya pili. Nusu ile inatosha kukufundisha jinsi wabunifu walivyoyapanga matabaka ya ndani, na somo hilo utalitumia baadaye.

Taj Mahal ndogo ya mwaka 2021, yenye vipande 2,022, naipendekeza kwa sababu hiyohiyo: ni ghala la vipande vyeupe vidogo, matao na kuba. Anayetaka kujenga majumba ya Main Street ya Jinja yaliyojengwa na wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi hatapata mahali pepesi pa kuanzia kuliko hapo. Land Rover Defender ya mwaka 2023, vipande 2,336, ni seti nzuri mno kujenga. Usukani unageuza magurudumu, springi zinabonyea, na kila mtu wa Mbale aliyewahi kupanda Elgon kwa gari la aina ile ataipenda. Lakini vipande vyake vingi ni vya mashine, vyenye rangi ya kijani kilichofifia ambayo ni shida kuilinganisha na kitu kingine. Inunue kwa mapenzi, na ukishaijenga usiibomoe.

Unapoisoma tathmini, tafuta mambo machache. Mapambo yamechapwa kwenye kipande au ni stika za kubandika? Katika joto na vumbi letu stika hunyanyuka pembeni baada ya mwaka mmoja au miwili. Kuna vipande vingapi vya kawaida, yaani matofali ya vinundu viwili kwa vinne, mabamba mapana, matao? Rangi kuu ni ipi, na inapatikana katika seti nyingine? Muundo unanyanyuka kwa mikono miwili bila kumeguka? Mhakiki asiyejibu maswali haya hajakusaidia, hata kama picha zake ni nzuri.

Kuhusu bandia, nitaeleza lililonipata. Niliwahi kununua katika duka moja mjini sanduku lililofanana kila kitu na la LEGO isipokuwa jina. Picha ilikuwa ileile, mpangilio uleule. Nilipofika ghorofa ya pili ya jengo, kuta zilianza kuachana. Matofali mengine yalikaza hadi yakahitaji koleo, mengine yalilegea yakaanguka yenyewe usiku. Tofali halisi lina jina LEGO limeandikwa juu ya kila kinundu, herufi ndogo unazoziona ukiliinamisha kwenye mwanga. Huo ndio ukaguzi wa kwanza, na unaweza kuufanya sokoni ukiwa umesimama. Wa pili ni mshiko. Shikanisha matofali mawili, yanyanyue kwa moja, yatikise. Kisha yaachanishe kwa vidole. Yakikataa kabisa, au yakiachana kabla hujayavuta, yarudishe.

Lakini tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Hataza ya tofali ilikwisha muda wake zamani, na tarehe 14 Septemba 2010 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba umbo la tofali lenyewe haliwezi kusajiliwa kuwa alama ya biashara. Ndiyo maana kampuni kama Cobi ya Poland zinatengeneza matofali yanayoshikana na ya LEGO kihalali, kwa miundo yao wenyewe na majina yao wenyewe. Kununua hayo si kosa. Kosa ni kunakili seti nzima, sanduku, picha na kijitabu, kama walivyofanya watu wa chapa ya Lepin huko China hadi polisi wa Shanghai wakavamia kiwanda chao na kutangaza kukamatwa kwa watu wanne mwezi Aprili 2019. Mkusanyaji anayeheshimu kazi ya mbunifu hanunui nakala hizo, na anayeheshimu fedha zake hanunui pia, kwa sababu ghorofa ya pili haitasimama.

Mahali pa kupata matofali halisi kwa bei nafuu ni kwenye mitumba. Marobota ya vitu vya kuchezea vilivyotumika huja na marobota ya nguo na viatu, na ndani yake huwamo matofali, yamechanganyika na magurudumu ya magari, mikono ya wanasesere na vipande vya michezo isiyojulikana. Wauzaji wengi hawayatengi. Nenda mapema asubuhi ya siku robota linapofunguliwa, na usionyeshe haraka. Katika soko la Mbale nilikuta beseni limejaa.

"Mama, beseni lote hili unauza bei gani?"

"Mwalimu, wewe chagua unavyotaka, tuhesabu kimoja kimoja."

"Nikichagua nitakuachia takataka, na hutampata wa kuzinunua. Nipe lote."

Alicheka, tukakubaliana. Ukinunua beseni zima unapata na vya kutupa, lakini bei ya kila tofali inashuka sana kuliko ukichagua, na muuzaji anakukumbuka robota lijalo likija. Mwachie namba yako ya simu. Huyo mama sasa ananipigia.

Vya mitumba vioshwe. Tumia maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40, sabuni ya vyombo, na kipande cha chandarua kikuukuu ulichokishona kuwa mfuko, ili vipande vidogo visiende na maji. Usichemshe, usitie kwenye mashine ya kufulia, usianike juani. Tandaza kwenye taulo kivulini, geuza baada ya saa chache, acha hadi kesho yake, kwa sababu maji hujificha ndani ya mirija ya chini ya tofali. Ukikuta vipande vya kahawia au vyekundu vilivyoiva kutoka seti za miaka ya 2000, usivibane kwa nguvu. Rangi hizo za miaka ile zina ugonjwa unaojulikana wa kukatika kama biskuti. Vitumie mahali pasipobeba uzito, kwenye udongo wa bustani au kuni za mchongo.

Kutenga ndiyo kazi inayowashinda wengi. Watu hutenga kwa rangi kwa sababu inapendeza macho. Tenga kwa umbo. Jicho la binadamu linaiona rangi nyekundu haraka ndani ya chungu cha mabamba, lakini kupata bamba dogo jekundu ndani ya chungu cha vitu vyekundu vya kila aina ni adhabu. Trei ya mayai ya mashimo 30 ni chombo bora kwa vipande vidogo, na inapangika juu ya nyingine. Makopo ya majarini yanafaa matofali. Andika nje kwa kalamu ya wino mzito kilichomo.

Kuagiza kutoka nje kunahitaji hesabu kabla ya furaha. Forodha ya Uganda huhesabu thamani ya mzigo pamoja na nauli na bima, kisha ndipo ushuru unaongezwa, na VAT ya asilimia 18 inakuja juu. Kwa hiyo nauli kubwa inakuumiza mara mbili. Seti kubwa yenye sanduku pana imejaa hewa, na hewa hiyo unailipia. Kama una ndugu anayekuja kutoka Uingereza, Dubai au Nairobi, mwombe afungue sanduku, aache mifuko ya ndani ikiwa imefungwa, alikunje sanduku na kuliweka bapa chini ya begi. Akae na risiti, aionyeshe akiulizwa. Usimwombe mtu aandike bei ya uongo. Mzigo ukizuiliwa, utakayepoteza muda na nauli za kwenda Kampala ni wewe, na pengine na yeye.

Kwa vipande vya kutengeneza miundo yako mwenyewe, soko kubwa la mtandaoni ni BrickLink, lililoanzishwa mwaka 2000 na kijana aitwaye Dan Jezek na kununuliwa na LEGO yenyewe mwaka 2019. Humo utapata maelfu ya wauzaji wadogo duniani. Kosa la mwanzoni ni kumfuata kila muuzaji mwenye bei ya chini, ukaishia na vifurushi sita vyenye nauli sita. Tafuta mmoja mwenye aina nyingi unazohitaji, hata kama kila tofali ni ghali kidogo. Programu yao ya Studio ni ya bure. Jenga kwanza kwenye kompyuta, ikuhesabie vipande, ndipo uagize. Vijitabu vya maelekezo vya seti nyingi kuanzia katikati ya miaka ya 1990 hupatikana bure kwenye tovuti ya LEGO. Vipakue siku una bando na umeme, uvihifadhi kwenye simu. Kwa beseni la mitumba hivyo ndivyo ramani yako.

Nyumbani, adui wa kwanza ni jua. Huko Ulaya wanaambiana waweke seti kwenye ukuta usioelekea kusini. Ushauri huo kwetu haufanyi kazi. Sisi tuko karibu mno na ikweta: mwezi Juni jua linapita upande wa kaskazini, Desemba linapita kusini, na kila dirisha linapata zamu yake. Matofali meupe na ya kijivu hugeuka manjano. Weka kabati ndani kabisa ya chumba, au tundika pazia zito kwenye dirisha la upande wa kabati na usilifungue. Adui wa pili ni maji. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mto Nabuyonga na mito mingine ilifurika Mbale, na watu walipoteza maisha. Mbele ya msiba kama ule vitu vya kuchezea si kitu. Lakini tangu siku ile hakuna sanduku langu linalokaa sakafuni, na nakushauri vivyo hivyo ukiwa unaishi bondeni. Mifuko ya ndani ya seti mpya inazidi kuwa ya karatasi badala ya plastiki, kwa hiyo kwa Jinja yenye unyevu ihamishie kwenye ndoo yenye mfuniko unaokaza.

Baada ya yote hayo, jenga mji wako. Hapa ndipo mkusanyaji wa kwetu anapowapita wenzake wa mbali, kwa sababu jengo analolijenga anaweza kulitembelea kwa boda na kulipima.

Anza na daraja la Nile pale Jinja, lililofunguliwa tarehe 17 Oktoba 2018. Lina urefu wa mita 525, linaning'inia kwa nyaya kutoka minara miwili, na uwazi wa katikati ni mita 290. Kinundu kimoja hadi kingine ni milimita 8. Ukichagua kipimo cha moja kwa 500, kila kinundu kinakuwa mita nne za daraja, na hesabu inanyooka vizuri: vinundu 72 katikati, na vipande viwili vya pembeni, kimoja vinundu 25 na kingine 34. Jumla 131, yaani sentimita 105. Mabamba makubwa matatu ya vinundu 48 yanatosha kuwa mto na kingo. Barabara ipe upana wa vinundu sita.

Mahali daraja linapofia ni sakafu yake. Kama umewahi kusimama kando ya barabara ya Tirinyi ukamtazama fundi akijenga kwa matofali ya kuchoma, umeona kwamba haachi kiungo kikae juu ya kiungo. Fanya hivyo hivyo: tabaka la chini la mabamba likatike kwenye kinundu cha nane, la juu likatike kwenye cha nne. Matabaka matatu yanatosha. Kisha pitisha chini yake boriti ndefu za LEGO Technic, zile zenye matundu. Kwa nyaya, wenzetu wa nje hutumia kamba za LEGO. Mimi natumia mshipi mwembamba wa nailoni wa kuvulia samaki, unaopatikana Masese, na sioni aibu kuchanganya. Unakaza vizuri, hauonekani sana, na unakaa bila kulegea. Funga nyaya za pande mbili za mnara kwa jozi, moja huku moja kule. Ukimaliza upande mmoja kwanza, mnara utainama.

Tenganisha daraja katika sehemu tatu kwenye minara. Langu hubebwa kwenye basi hadi Mbale likiwa ndani ya maboksi matatu yaliyojazwa nguo.

Kwa majengo, badili kipimo. Kisanamu cha LEGO kina kimo cha sentimita 4, na ukikichukulia kuwa mtu wa kawaida unapata karibu moja kwa 42. Uso wa duka wenye upana wa mita 6 unakuwa vinundu 18. Hujui urefu wa jengo? Kati ya saa tatu na saa nne asubuhi simamisha fimbo ya mita moja wima, pima kivuli chake, kisha pima kivuli cha jengo. Kivuli cha fimbo kikiwa mita 1.2 na cha mnara mita 12, mnara una mita 10. Usifanye hivyo saa sita, kwetu kivuli kinakuwa kimejikunja miguuni. Kwa njia hii unaweza kuupima mnara wa saa wa Mbale bila kumwomba mtu ngazi. Mnara wa mita 10 kwa kipimo hicho ungekuwa matofali 25 kwenda juu.

Majumba ya zamani ya Jinja yana kitu kimoja ambacho mjenzi wa matofali atakipenda: juu ya paa, kwenye ukuta wa mbele, wenyewe waliandika jina na mwaka wa kujenga. Mwaka unaandikika. Kila tarakimu ichukue upana wa vinundu vitatu na kimo cha vitano, na acha nafasi ya kinundu kimoja kati yake. Tarakimu nne zinakula vinundu 15. Ukitaka kuulaza ukuta huo ubavu ili tarakimu zitokeze laini, kumbuka kwamba mabamba matano yakipangwa juu kwa juu yana kimo sawa kabisa na upana wa vinundu viwili. Nusu ya mbinu za wajenzi wakubwa zimesimama juu ya hesabu hiyo moja. Nguzo za baraza zitoke kwenye matofali ya duara, na mlango uwe wa vinundu vinne, kwa sababu kisanamu ni kipana kuliko mtu.

Majumba hayo yanapungua. Mengine yamebomolewa, mengine yamefunikwa vioo mbele hadi mwaka wake hausomeki tena. Kama unakaa Jinja, nenda Main Street Jumapili asubuhi magari yakiwa machache, na futikamba, kalamu na simu. Piga picha ya uso mzima wa jumba, pima upana wa baraza na nafasi kati ya nguzo, andika mwaka ulioko juu. Fanya hivyo hata kama leo huna tofali moja.